Mistari Minne Mchangani

Matar alijua kuchomoa gari mchangani kuliko mchanga wenyewe ulivyojua kulimeza. Muulize mtu yeyote wa Bidiya, kule jangwani Omani, na kama hayupo muulize ngamia wake. Gari lizame mpaka madirishani, Matar anateremka bila haraka, anapunguza upepo wa tairi mpaka paundi kumi na mbili, anachimba mbele ya kila gurudumu, analaza blanketi zito juu ya kamba ili ikikatika isiruke, anafukuza watazamaji, anavuta. Limetoka. Pesa hapokei. Anakunywa kahawa, anakwenda zake.

Basi asubuhi moja akasimama juu ya tuta, akatazama nyuma alikotoka. Gari lake moja. Mistari ya tairi minne.

Miwili yake. Miwili mingine ilifuata, ikaishia ghafla hatua kumi na mbili nyuma ya gari lake, kama kuna gari limesimama pale. Hatua kumi na mbili ndio urefu wa kamba yake ya kuvutia.

Mtu mwingine angekimbia peku mpaka Maskati. Matar alitazama tu. Tangu nduguye Suwaid afe mwaka jana ndivyo alivyokuwa: wali hauna ladha, jua halina joto, hofu haina baridi. Akapanda gari akaenda nyumbani, na mistari ikaja nyuma yake.

Binamu yake Ghasib, mdomo mrefu kuliko barabara ya Sur, aliiona langoni akacheka. "Binamu, siku hizi unavuta magari au unachunga majini?"

"Juzi adhuhuri nimechomoa gari jeupe kule bondeni," Matar akasema. "Dereva hakushuka. Vioo vimejaa vumbi. Nikafunga, nikavuta, jepesi kama kikapu. Nilipogeuka halipo. Kamba imelala mchangani."

Ghasib akaacha kucheka. Akanong'ona, "Ulimuuliza habari?"

Matar akatikisa kichwa.

Kule mchangani, hata nyumba iwe inaungua, mnaulizana kwanza. Habari za huko? Hakuna habari. Na huko? Hakuna habari. Kahawa ikishanyweka ndio mtu anasema kilichomleta. Hata kama amebeba maiti, jibu la kwanza ni hilo hilo. Na Matar aliwahi kubeba. Siku ile mama yake alimpokea langoni, akamuuliza, naye akajibu, "Hakuna habari, mama," na Suwaid amelala nyuma ya gari chini ya blanketi. Toka siku hiyo hakumuuliza habari mtu yeyote.

"Wallahi umejifunga na mtu hujui katoka wapi," Ghasib akasema, akaondoka hata kahawa hakumaliza. Ghasib huyo, ambaye angeweza kunywa kisima kizima kikitiwa iliki!

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kunuka klachi iliyoungua. Mbuzi wakagoma kula upande wa ukuta wa nyuma. Kila adhuhuri, jua likiwa utosini na watu wamelala, ikasikika injini nyuma ya ukuta, taratibu, kama mtu anayemsubiri mwenziwe avae viatu, na ukienda kutazama hakuna kitu ila mchanga umelowa mafuta, na ukirudi ndani inaanza tena, karibu zaidi kidogo.

Siku ya tatu Matar alimkuta binti yake Wadha, miaka saba, amechutama ukutani na kikombe cha kahawa.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na ami Suwaid. Nimemuuliza habari, kasema hakuna." Mtoto akashusha sauti. "Baba, kasema kwenye gari kuna kiti kimoja. Kesho adhuhuri nikapande."

Hapo ndipo kitu kikagonga kifuani mwa Matar, mara moja tu, kama jiwe chini ya gari.

Akaenda kwa Bi Zuwaina, bibi aliyesemekana kumtoa jini ngamia kwa kumkodolea macho tu. Bibi akamsikiliza huku anatafuna tende.

"Ulifunga, hukufungua. Na unajiita fundi! Kesho adhuhuri rudi palepale, uliza habari. Naye atakuuliza. Usimjibu jibu la langoni. Mpe habari yenyewe. Kisha kamba izike, hata uzi mmoja usirudi nao."

Kesho yake Wadha akafungiwa chumbani na mama yake, na Matar akashuka bondeni, akasimama kwenye joto la kuivisha mkate juu ya boneti, na kamba iliyokuwa ndani ya mfuko ikajitoa yenyewe taratibu, ikanyooka, ikakaza, ikalia kama inavyolia kamba inayotaka kukatika, na upande wa pili hapakuwa na gari wala mtu, ila harufu ya klachi na ya udi aliokuwa akijifukiza Suwaid siku za Ijumaa.

"Habari za huko?" Matar akauliza.

"Hakuna habari," ikajibu sauti ya Suwaid. "Na kwako?"

"Suwaid amekufa," Matar akasema, sauti imekauka kama anasoma bei dukani. "Niliwaambia watu alifunga kamba mwenyewe. Uongo. Nilifunga mimi, kwenye kile kidude cha chuma cha kukokotea tela, ambacho hata mtoto anajua hakifungwi. Blanketi sikuweka. Nilitaka watu waone ninavyowahi. Kikang'oka, kikaruka, kikampata kichwani."

Kamba ikaanguka.

Akachimba mpaka mkono ukaishia begani, akaizika. Akarudi nyumbani na mistari miwili. Usiku huo wali ukawa na chumvi.

Ghasib alipouliza imekuwaje, Matar alijibu, "Hakuna habari." Angeanza kueleza kamba iko wapi, angelazimika kueleza yote.

Ukaja upepo wa siku nne, ukahamisha matuta kama mtu anayepanga upya mito ya sebuleni. Siku ya tano, adhuhuri, honi ikalia langoni.

"Binamu!" Ghasib akapaza sauti, amechangamka. "Habari za hapa?"

"Hakuna habari. Za huko?"

"Hakuna habari!" Hata kahawa hakungoja. "Nimeiona kamba yako bondeni, upepo umeifukua. Nikasema binamu kaiangusha, nimletee. Nimeitupia nyuma ya gari."

Wadha alikuwa ameshapanda juu ya ndoo, anachungulia nje ya ukuta.

"Baba," akaita, "mbona ami Ghasib kaja na magari mawili?"