NANI KAMSOMEA ROBOTI BARUA YANGU?

Mbinja zilimfikia Lokesh kabla hajafunua pazia la mlango wa ukumbi wa sinema. Mbinja, makofi, kisha sauti ya mwanamke:

"Kifua changu chumba kitupu, abishaye hodi humo ni jina lako."

Sauti ile ilikuwa ya Mrinal, mchumba wake, aliyemtilia sauti roboti wa filamu. Hilo alilijua, ndilo lililomleta. Lakini maneno yalikuwa yake yeye Lokesh. Aliyaandika kwa mkono, katika barua ya Mrinal peke yake.

Filamu yenyewe, Saanjh 2190, Bhopal nzima ilikuwa inaicheka.

"Roboti ana hisia kuliko steringi wa filamu!" alipiga kelele mtu wa viti vya mbele.

Ila mstari ule uliporudi mwishoni, hata wachekaji walinyamaza. Papo hapo taa zikawashwa, watu wakasukumana kutoka. Lokesh alipiga simu akiwa bado mlangoni.

"Barua yangu umemsomea nani?"

"Umeona!" Mrinal alicheka kwa furaha. "Umekaa mpaka mwisho?"

"Nakuuliza, nani? Yule dairekta wako mwenye nywele za kufunga?"

Kicheko cha Mrinal kikakoma.

"Hebu rudia hilo, Lokesh."

"Barua ya mapenzi haitoki chumbani kwa miguu yake."

Simu ikakatwa.

Hasira ikamshika mkono. Akabandika mtandaoni: "Mstari unaowaliza ni wangu. Ameuiba Mrinal Khare, ninayetakiwa kumvisha pete Jumapili. Muulizeni alikuwa na nani alipoutoa."

Kufikia jioni watu elfu arobaini walikuwa wameusoma ujumbe huo. Majina waliyomwita Mrinal, Lokesh aliyasoma mara moja tu, akaizima simu.

Jumamosi Mrinal akashuka Bhopal kwenye treni iliyotoka Mumbai. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Njoo ukumbini, chumba cha mashine, kabla onyesho la mchana halijaisha. Usipokuja, pete vaa mwenyewe."

Alimkuta amesimama na mzee Ramdin, mwendesha mashine ya filamu, mdomo mwekundu kwa tambuu.

"Majina ya mwisho hakuna anayeyatazama, binti yangu," mzee alilalamika. "Watu wanawahi chooni. Miaka thelathini nayakata."

"Leo usiyakate, mzee wangu. Nakuomba."

Majina yakaanza kupanda. Mafundi, wapishi, madereva. Kisha: "Maneno ya roboti, tukio la stesheni: Lokesh Bundela."

Lokesh akasogea kwenye kidirisha cha mashine.

"Picha ilishapigwa," Mrinal alisema bila kumtazama. "Dairekta akaufuta mstari wa zamani, mwandishi keshaondoka. Midomo ya roboti inafunguka, inafungika, hakuna maneno yanayoenea. Nikajaribu yako. Yakaenea kama yameshonwa na fundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ulione jina lako mwenyewe. Niligoma kurekodi mpaka waliandike. Kwa saa nne nimekaa kimya kwa ajili yako. Wewe kuniuliza vizuri, dakika moja imekushinda."

"Naufuta ule ujumbe sasa hivi."

"Ufute, halafu? Waseme nimekulipa? Baba yangu ameyasoma matusi yale yote, Lokesh. Yote!"

Lokesh alishuka ngazi mbio, akapanda jukwaani chini ya pazia la filamu. Majina yalimpita usoni.

"Jamani! Mimi ndiye niliyeandika kwamba Mrinal Khare ni mwizi!"

Watu wakageuka mlangoni. Simu zikainuliwa.

"Nilisema uongo! Jina langu limo kwenye filamu, na aliyeliweka ni yeye. Sikumuuliza. Nilimtukana."

"Shuka, steringi!" mtu akamzomea.

Hakushuka. Alitazama juu, kwenye kidirisha cha mashine, uso wa Mrinal ulipokuwa.

"Mrinal! Kesho nakuja kwenu bila pete. Nitamwomba baba yako radhi mbele ya ndugu wote, kwa maneno haya haya. Pete nitaileta siku utakayoitaja wewe, hata ikiwa mwakani. Nakuahidi!"