Mistari Myeupe kwenye Miche ya Nyanya

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimwagilia miche ya nyanya kwenye kitalu cha shangazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja alinyamaza ghafla. Majani yalikuwa na mistari myeupe iliyopindapinda, kana kwamba mtu ameyakwaruza.

Nani mwingine? Binamu yake, aliyeitwa Msumari, hakupita penye ukuta wala dawati bila kuacha mchoro.

"Shangazi, ni yeye. Jana alichuchumaa hapa."

"Nilikuwa napalilia," alisema Msumari.

"Wewe? Tangu lini?"

Shangazi alikasirika, kwani hakuna mteja anayenunua miche yenye makovu. "Msumari, usikanyage tena kitalu changu." Msumari aliondoka ameinamisha kichwa. Kitalu hicho alikipenda mno.

Chiriku hakuridhika. Alichuma jani lenye mistari mifupi, akalitia kwenye chupa, akaifunga kwa kitambaa na kuifungia kabatini mwake kwa ufunguo iwe ushahidi. Kutwa nzima alimfuata binamu yake nyumanyuma akimkagua vidole.

Kesho yake mistari ilikuwa imerefuka. Chiriku alishika ufunguo uliokuwa shingoni mwake.

"Umeingiaje kabatini mwangu?"

"Hata mimi ningependa kujua," alijibu Msumari kwa uchungu.

Siku zilizofuata, chini, ndani ya chupa, palionekana vitu vya kahawia, vidogo kama punje za mtama. Kisha, asubuhi moja, nzi wadogo weusi wenye doa la njano mgongoni walikuwa wakitambaa kwenye kitambaa. Chupa ilikuwa bado imefungwa; hakuna mkono wa Msumari uliofika humo. Angeweza kuimwaga chupa na asijue mtu. Lakini aliona aibu, akaipeleka kwa shangazi.

Shangazi aliinua chupa kwenye mwanga. "Nzi kidomozi huyu. Doa hilo la njano ndilo linalomtambulisha. Jike hutaga yai ndani ya jani. Buu likianguliwa hula jani kwa ndani, na njia yake ndiyo mstari huu. Likishiba hutoka, hugeuka pupa ya kahawia, halafu nzi."

Alimwita Msumari. "Mwanangu, nimekuonea. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekusingizia," alisema Chiriku huku machozi yakimlengalenga. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila mlangoni pa choo usinifuate tena."

Shangazi alicheka, kisha akawapa ndoo wakachume majani yote yenye mistari. "Chiriku," alisema, "ushahidi ulikuwa nao tangu siku ya kwanza. Ila ulimchunguza Msumari, hukulichunguza jani. Kabla hujamtaja mtu, tazama kwanza kitu chenyewe."