Juisi ya Mugunga

Alhamisi, tarehe 27 Mei 2021, asubuhi, barabara ya Sake ilijaa watu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Volkano ilikuwa imelipuka Jumamosi, ardhi bado ilitetemeka, na Goma ilikuwa imeamriwa ihame. Umurerwa, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa Mabanga, alitembea na sanduku la dawa kichwani. Kitenge chake cha njano kilikuwa kimeshika rangi ya vumbi. Mbele yake kijana wa shati la zambarau alibeba mlango wa chuma mgongoni.

"Papa, mlango huo unaupeleka wapi? Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Mlango nimeuchomelea mwenyewe," alijibu. "Nyumba utanijengea weye."

Aliitwa Lionel. Walifika Sake wakiwa wameshika mlango pande mbili.

Mwaka uliofuata Umurerwa alichaguliwa kwa mafunzo ya miezi mitatu ya kuchunguza milipuko ya magonjwa. Tangu hapo hakungoja tena wagonjwa zahanatini. Aliwafuata hadi kwenye maji yao, akiuliza walikula nini, walikunywa wapi, na nani. Hata kwenye simu na Lionel, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake, alishindwa kuacha.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Na weye ulikula wapi, na nani?"

"Ona huyu. Mi nimeoa commissaire wa polisi."

"Bado hujaoa."

Februari 2024 vita vilishuka kutoka milima ya Masisi. Baba yake, muzee Mbarushimana, alikimbilia kambi ya Mugunga. Wiki hiyohiyo Umurerwa alikubaliwa kwa mafunzo ya miaka miwili Kinshasa. Alimpigia Lionel simu kumwambia.

"Nenda usome," Lionel alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Siku chache baadaye Lionel alilazwa kwa kipindupindu. Utaratibu wa kazi ulimkataza Umurerwa kumhoji mtu wake. Kazi hiyo ilikuwa ya Cyprien, mwenzake. Hata hivyo Umurerwa alimhoji mwenyewe.

"Wiki hii ulitoka Mabanga?"

"Sijatoka."

"Ulikunywa wapi?"

"Nyumbani. Ni ugonjwa unauliza, ao wivu?"

Lionel aligeukia ukuta. Umurerwa alishuku kuna mwanamke mwingine, na hakuuliza tena. Kwa siku mbili timu yake ya uchunguzi ilipima maji ya Mabanga. Yalikuwa safi.

Ndipo Cyprien alipoketi kando ya kitanda cha Lionel na kumhoji. Alitoka polepole, akivua glavu.

"Alikuwa Mugunga, kwa baba yako. Alienda kukuposa. Walikunywa juisi ya unga, imekorogwa na maji ya ziwa."

Umurerwa alipanda pikipiki kwenda Mugunga. Muzee alikuwa amefariki alfajiri, hemani. Majirani walidhani ni uchovu wa safari.

Baada ya mazishi Lionel, akiwa bado dhaifu, alimpeleka Umurerwa ufukweni mwa ziwa na kumwonyesha mahali maji yalipochotwa. Jioni hiyo timu iliweka hapo mtu wa kutia klorini katika kila dumu.

"Juu ya nini ulinidanganya?" Umurerwa aliuliza.

"Nilitaka usikie kwa baba yako kwanza. Na weye, juu ya nini hukumwacha Cyprien aniulize?"

"Nilitaka kusikia mwenyewe."

Walitazama wanawake wakipanga madumu.

"Muzee alisema nini? Maneno yake, siyo yako."

"Alisema: 'Mutoto aende kwanza asome. Akirudi, uje tena, nitakupa jibu.'"

"Hakukubali, basi."

"Hakukataa. Alinimiminia kikombe, akajimiminia na chake."

Umurerwa alimshika mkono, pale sindano ya dripu ilipoacha alama. Hakuna aliyezungumzia ndoa.

Ndege ya Kinshasa iliruka na Umurerwa mwezi wa tatu, saa sita mchana. Lionel alikuwa nje ya uzio wa uwanja, amevaa lile shati la zambarau, ambalo sasa lilimpwaya.