Vidonge Vyeupe vya Bibi

Kila alipotoka shule, Uzi alivua sare, akala haraka haraka, kisha akaketi kando ya cherehani ya mama yake kupanga vifungo. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya wembamba wake, nalo likamganda. Mama alikuwa fundi hodari asiyependa fujo. Vifungo vyeupe vilikuwa na kopo lake, vyeusi kopo lake. Hata dawa za nyumbani alizitoa kwenye pakiti akazipanga vivyo hivyo, kwa rangi. Hakuna aliyeona kosa.

Alasiri moja kichwa kilimgonga mama kwelikweli.

"Uzi, mwanangu, niletee vidonge viwili vyeupe."

Uzi akaleta, mama akameza, akaendelea kushona. Baadaye cherehani ikanyamaza. Mama alikuwa amelalia kitambaa.

"Mama, utaidondoshea mate nguo ya mteja!" Uzi alimtania.

Mama hakujibu. Uzi akamtikisa, kichwa kikayumba tu. Pumzi ilikuja polepole, ikakatika, ikaja tena. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Hapo Uzi akakumbuka. Bibi alikuwa ametoka hospitali na mguu uliovunjika, akiwa na bahasha ya vidonge vyeupe. "Hivi ni vyangu peke yangu, daktari kasisitiza," alionya. Lakini jana, Bibi akiwa amelala, Uzi aliviona vimezagaa mezani, akavimimina kwenye kopo la vidonge vyeupe. Alitaka asifiwe kwa unadhifu.

Alitoka mbio hadi kwa jirani yao, nesi wa hospitali ya karibu ambaye Uzi alizoea kumwita Shangazi, aliyekuwa akianika nguo. Nesi akaziacha nguo ndani ya beseni na kumfuata.

"Amemeza nini?" aliuliza, akimlaza mama ubavu.

"Dawa ya kichwa," Uzi alijibu, macho chini. Akisema kweli, si watajua kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake?

"Dawa ya kichwa ya kawaida haimlazi mtu hivi. Mwanangu, nitazame. Nisipojua alichomeza, daktari naye atabaki kubahatisha."

Mama akavuta pumzi moja, kisha kimya. Uzi akasubiri nyingine. Haikuja upesi.

"Vya Bibi!" alipiga kelele. "Nilivichanganya mimi! Ni mimi, Shangazi!"

Nesi hakumkaripia. Alimtuma Uzi kumwita jirani mwenye gari, akaanza kumpulizia mama hewa mdomoni, na bahasha ya Bibi wakaondoka nayo. Hospitalini daktari aliisoma, akamchoma mama sindano ya kuzima nguvu ya dawa ile. Uzi alijing'ata kidole mpaka kikamuuma. Hatimaye mama akakohoa, akafumbua macho, akauliza kwa hasira nani kamtoa kazini. Uzi alicheka na kulia kwa pamoja.

Jioni ile mama alipokuwa akiangaliwa wodini, nesi aliketi na Uzi ukumbini.

"Dawa za maumivu si zote ni ndugu," alisema. "Za kawaida, kama parasetamoli, hutuliza kichwa na homa, wala hazilevyi. Hata hivyo, ukizidisha huharibu ini. Za bibi yako ni za jamii ya afyuni. Huenda kwenye ubongo na kuzima maumivu makali, lakini hulevya, hupunguza pumzi, na mtu akizizoea hushindwa kuziacha. Ndiyo maana daktari humpimia mgonjwa mmoja, kwa muda wake."

"Kwa hiyo ni mbaya?"

"Bibi asingelala bila hizo. Ubaya ni kumpa asiyeandikiwa. Dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye jina lake."

Uzi akafuta machozi. "Shangazi, nilitaka kukuficha ukweli."

"Nilikuona," nesi alisema, akimvuta karibu. "Uliogopa, na bado ukasema. Kosa lako lilimlaza mama yako, ukweli wako ukamwamsha. Ukikosea tena, maana utakosea, sema mapema."