Kiti cha Pembeni ya Dereva

"Dada, dereva wetu yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Bonge, mtu wa mwili na vicheko, alimtazama Chiriku kuanzia kofia hadi raba, kisha akamgeukia mkewe. "Mke wangu, leo tutakizunguka kisiwa kwa raha!"

Chiriku alicheka. Kazi ya kutembeza wageni aliipenda, na maneno hayakuwahi kumwishia, ndiyo maana wenzake walimpa jina la ndege. Lakini alipomwona mgeni wa mwisho akishuka kwenye boti, kicheko kilikatika.

Alikuwa Dokta, daktari wa meno. Mchumba wake.

Alijua Dokta angekuja kutembea na marafiki wa kazini. Kilichotokea ni kwamba dereva waliyepangiwa aliamka na homa, Chiriku akashika zamu yake.

"Habari, dada," Dokta alisema, macho chini, akapitiliza hadi kiti cha nyuma kabisa.

Simu ya Chiriku ikatetemeka. Ujumbe wa Dokta:

"Naomba leo tusijuane. Niliwaambia una kampuni yako ya utalii. Nitakueleza jioni."

Chiriku aliisoma, akaitia simu mfukoni, akawasha gari. Aliwapeleka pangoni kwenye maji baridi, akawapiga picha, akawachekesha. Moyoni kulikuwa kunawaka.

Njiani kuelekea mnara wa taa, mke wa Bonge, aliyekaa mbele, alianza udadisi.

"Mdogo wangu, una mchumba?"

"Ninaye."

"Anafanya kazi gani?"

"Anang'oa watu meno."

"Ala! Kama Dokta wetu! Shemeji, humjui huyo mwenzako?"

Dokta akajibu kutoka nyuma: "Mjini madaktari wa meno ni wengi."

Chiriku alikanyaga mafuta hadi mnarani. Bonge na mkewe walipopanda ngazi, Dokta alimfuata Chiriku mbio.

"Mpenzi, usikasirike. Wale ni watu wa kazini. Wangenicheka."

"Mimi nimesema kazi yako mbele ya watu, nikiwa nimenyanyua kichwa. Wewe ya kwangu unaificha kama kidonda."

"Siyo hivyo..."

"Ni vipi? Nieleze."

Dokta alitupa macho ngazini, kuona kama wenzake wanasikia.

"Basi nisikilize," Chiriku alisema taratibu. "Nikiwasha gari, ama unakaa mbele kama mchumba wangu, ama unakaa nyuma kama abiria. Na abiria nikishawashusha bandarini, huwa siwapigii simu."

Akamwacha amesimama hapo hapo.

Waliporudi garini, mke wa Bonge alikuwa ameshika mlango wa mbele. Dokta alikuja, jasho linamtoka.

"Shemeji, naomba hicho kiti."

"Vipi, nyuma unasikia kichefuchefu?"

"Hapana. Huyu ndiye mchumba wangu. Kampuni niliitunga mimi. Yeye ni dereva, na mimi nimekuwa mwoga. Nimemkana mchana kweupe."

Bonge alishika kiuno. "Dokta! Mtoto mzuri hivi, anakupeleka pangoni na kukurudisha salama, halafu unajifanya humjui?"

"Nimekosa. Chiriku, nisamehe."

Chiriku alimtazama usoni. "Mama yako naye ulimwambia nina kampuni?"

"Ndiyo."

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Simu iliita, ikapokelewa.

"Mama, yule mchumba wangu... hana kampuni. Ni dereva wa watalii."

"Dereva?" Mama alishangaa. "Wewe uliyeshindwa hata baiskeli, umempata dereva?"

"Ndiyo, Mama."

"Na unanipigia kwa sauti ya msiba? Mpe simu mwanangu huyo, nimwombe radhi mimi!"

Bonge na mkewe walicheka hadi wakaegemea gari. Chiriku aliipokea simu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, machozi yakamtoka huku akitabasamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo kijana akikusumbua tena, mshushe njiani!"

"Nimesikia, Mama."

Dokta, bila kuambiwa, aliketi kiti cha mbele, akafunga mkanda.