Moya ya Mama Nyagai

Rangi ya mafuta haichelewi kukauka Juba. Ukichora kibao saa tatu asubuhi, saa tano unakitundika. Ndiyo maana siku ya nne tangu Nyaluak apake bati lake, Resty alipoligusa na kidole kikarudi kimelowa buluu, hakupenda. Alikinusa. Kilinuka tope na samaki.

"Nani ametia maji kwa rangi yangu?" aliuliza.

Resty alikuwa Mganda mchora vibao vya maduka pale kambi ya Mangateen, mdomo pilipili, roho laini. Akina mama wa kambini aliwagawia mabati chakavu na rangi zilizobaki, watoe yaliyowakaa kifuani. Siku ya kwanza aliwaambia, "Kila mtu achore moyo yake." Mmoja alichora nyumba inayoungua, mwingine mumewe asiye na uso, wakalia, wakachekana. Nyaluak alipaka buluu ukingo hadi ukingo. Binti yake, Nyagai, alitumbukia mtoni kutoka kwenye boti la mizigo lililowaleta Juba, na tangu siku hiyo mama mtu hakutoa chozi.

Achok, kijana wa kambini aliyekulia Kenya, ndiye aliyeng'amua.

"Anti, ulisema moyo. Huyu anajua Kiarabu cha Juba, Kiswahili kidogo tu. Alisikia moya. Maji."

Resty akacheka mpaka akashika mbavu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani hukumbuka hilo akicheka?

Nyaluak hakucheka. "Ticha alisema chora moya," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nachora ile ilikula Nyagai. Sasa yeye naita mimi, kila siku jua ikiwa juu. Anasema, taal, mama. Kuja."

Mchana huo Resty alijikalisha karibu na lile bati lililotundikwa ukutani, akijifanya anaosha brashi, na jua lilipofika utosini akasikia maji yakipiga ubavu wa boti, taratibu, mahali ambapo hapakuwa na boti wala maji, kisha sauti ya mtoto ikaita kutoka ndani ya buluu, taal, taal, na Nyaluak akainuka kitini mkono mbele, vidole vyake vikazama katika rangi hadi kwenye kifundo cha mkono, na bati lile lilikuwa jembamba kuliko ukucha. Resty alimvuta kwa nguvu zote. Aliogopa vibaya sana, na alimpenda yule mama.

Alimwita Santino, katekista. Mzee alisali, akanyunyiza chumvi, kisha akamvuta Resty pembeni.

"Hiyo ni jini ya mto. Wewe ulifungulia yeye mlango, akaazima sauti ya mtoto. Funga, kabla mama hajaingia. Lakini usifunge mama mwenyewe akiwa karibu. Atakushika mkono."

Kesho yake mchana kiti cha Nyaluak kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi Mama Nyagai?" Resty alimwuliza Achok.

"Sijui, anti. Labda ameenda kuchota maji kwa tangi."

Resty hakungoja. Alichukua rangi nyeusi ya mageti na brashi pana, akapaka mara mbili, kona zote, akibana pumzi. Safari hii rangi ilikauka kabla hajamaliza kuosha brashi. Harufu ya tope ikapotea. Resty akakaa chini, akalia kwa furaha.

"Anti," Achok alinong'ona. "Hizi si ndara za Mama Nyagai?"

Zilikuwa chini ya bati, zimepangwa sambamba, ncha zikielekea ukutani, kama anavyoziacha mtu akiingia kwa watu.

Ndipo bati likagongwa. Achok alikimbia nyuma ya ukuta akarudi akitikisa kichwa, hakuna mtu, na bati likagongwa tena, kwa kiganja cha mtu mzima, na sauti waliyoizoea ikasema kwa upole, kana kwamba kuna kosa dogo tu limetokea, "Ticha, fungua. Mimi iko na Nyagai."

Resty alidaka kisu cha kukwangulia rangi, akakwangua, akakwangua hadi kisu kikakatika, akaendelea kwa kucha. Chini ya weusi hapakuwa na buluu. Palikuwa na bati tupu, kavu. Kugonga kuliendelea mpaka alasiri, kisha kukawa kwa moja moja, na Resty alikuwa bado anakwangua.