Unanipima Shingo ya Nini?

Kidomo alikuwa fundi cherehani hodari, ila mdomo wake ulikwenda mbio kuliko sindano. Kazi ya kwanza ilimponyoka kwa kumwambia mwenye duka kwamba kola zake zinasimama kama masikio ya punda. Ya pili alifukuzwa kwa kuuliza kwa nini choo cha mafundi kinafungwa kwa kufuli. Tangu hapo miezi mitano ilipita. Cherehani ya nyumbani ilibaki kutia viraka suruali za kaka yake, fundi baiskeli, naye alikuwa nazo mbili tu.

Mama yao alichoka. Akamwapisha binti yake, mkono juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kazi ikipatikana, ajibu anachoulizwa, basi. Yeye asiulize kitu.

Kwa hiyo tangazo lilipoingia kwenye simu, Kidomo alijitia adabu. Kiwanda cha nguo cha barabara kuu kinataka mafundi ishirini. Maombi ni mtandaoni, mwisho saa kumi jioni. Maswali ya mwanzo yaliteleza kama hariri. Umeshona miaka mingapi? Unajua cherehani ya umeme? Utaweza zamu ya usiku? Kisha fomu ikataka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Akapiga, akatuma. Ikataka jina la mama yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Mama akavitaja kutoka uani, mikono ikiwa na povu la sabuni.

Halafu ikataka namba ya siri ya akaunti yake ya benki, eti mshahara upate pa kuingia.

Kidole kikasita. Mdomo ukaanza kumwasha.

"Andika," kaka yake alisema. "Uliapa. Au tukushone huo mdomo kwanza?"

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Ndipo jirani wa chumba cha tatu alipoingia kufuata sketi yake. Huyu alikuwa karani wa ajira hospitalini. Maombi ya kazi aliyosoma yangejaza chumba. Aliitazama ile simu, akavuta kigoda.

"Mdogo wangu, mteja akitaka suruali unampima wapi?"

"Kiuno, nyonga, mapaja, urefu wa mguu."

"Ukimpima shingo?"

"Ataniuliza, unanipima shingo ya nini?"

"Basi na wewe muulize huyo."

Akawaeleza pole pole. Maswali ya mtandaoni si ubaya. Waajiri wengi huyatumia, maana watu mia wakiomba nafasi moja lazima wachujwe. Ila kila swali liguse kazi yenyewe. Namba ya siri haiombwi na mwajiri yeyote, wala benki yenyewe. Hata zile tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe kuthibitisha kwamba ni wewe, usimpe mtu. Kitambulisho na namba ya akaunti hutolewa ukishapata kazi, kwa mwajiri uliyekwisha kumhakikisha. Na ukitaka kujua kama tangazo ni la kweli, nenda kiwandani, au piga namba iliyo kwenye bango lao. Namba iliyo ndani ya tangazo itakujibu vile ilivyofundishwa.

"Na nafasi ikimpita?" kaka aliuliza. Sasa hakuwa akicheka.

Kidomo alimgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama, nisamehe. Leo nauliza."

Akaandika kwenye kile kisanduku cha namba ya siri, akatuma: Unanipima shingo ya nini? Ofisi yenu iko wapi?

Jibu lilikuja upesi kwa ujumbe. Una dakika kumi. Wenye maswali hatuwaajiri.

"Hata wewe sikuajiri," Kidomo aliiambia simu, akafunga fomu. Kwa kuwa picha ilishatumwa, jirani alimtaka asikae kimya. Wakapiga simu benki, kisha kampuni ya simu, wakaeleza yote, na akaunti na laini yake vikawekewa ulinzi.

Asubuhi Kidomo alikwenda kiwandani kwa miguu. Tangazo lile halikuwa lao. Hata hivyo kweli walitaka mafundi, sita tu, na fomu yao ilikuwa kwenye kompyuta ya mapokezi. Ilikuwa na maswali tisa. Manane yaligusa kazi. La tisa liliuliza kama ana mpango wa kuzaa mwaka huu.

Akaandika: Kipimo hiki si cha suruali.

Msimamizi alimwita akiwa na karatasi ya majibu yake yaliyochapishwa mkononi. "Wewe ndiye wa suruali?"

"Ndiye. Manane nimeyajibu. La tisa nimekurudishia. Nipe kitambaa, mkono wangu ukujibu."

Msimamizi alifungua droo. Akampa kitambaa, akamwambia ashone kola. Kola ilikaa sawa kushoto na kulia. Msimamizi aliigeuza, akavuta uzi, uzi haukutoka. Akachukua kalamu, akalikata lile swali la tisa kwenye karatasi, akasema atalipeleka kwa wakubwa liondolewe kwenye fomu. Kisha akamwonyesha Kidomo cherehani yake, ya tatu kutoka dirishani.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, mama alimsindikiza hadi mlangoni. Alimrekebishia ukosi wa blauzi, akampa mkasi wake wa zamani, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Kidomo akamuuliza kama kile kiapo bado kipo.

"Uliza," mama alisema. "Uliza tu, mwanangu."